Emérence Anaandika

Nilipostaafu upolisi nilihama kambi ya Naguru nikapanga chumba Kawempe, hapa hapa Kampala, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta akawa mwanamke wa Kikongo aliyeuza mukene na kuandika maiti. Kazi ya kwanza niliielewa upesi, maana vile visamaki vidogo vya ziwani hujitambulisha vyenyewe kwa harufu kabla mwenye kuviuza hajafungua mlango. Ya pili ilinichukua muda.

Jina lake Emérence. Alivuka mpaka kutoka Bukavu mwaka wa tisini na nane, yeye na rafiki yake Julienne, na hajawahi kurudi. Asubuhi anakwenda ufukoni Ggaba kununua mukene, mchana anawauza sokoni, jioni anakaa barazani ambako mimi pia nakaa, kwa sababu baraza ni moja na pensheni hainipi kwingine pa kwenda. Mimi ni Komakech, Mwacholi wa Kitgum. Kiswahili changu nilikipata kwenye gwaride, na Emérence husema bado kimevaa buti. Ninapoandika najitahidi kuzivua. Ninapoongea zinarudi.

Wakongo wa kanisa lake wana desturi yao ambayo sijaiona kwa watu wengine. Ilianza miaka ile ya mwanzo, alipokufa fundi viatu mmoja aliyeitwa Jean-Pierre. Hakuwa na mke, hakuwa na ndugu, na aliyejua jina la baba yake hakupatikana. Emérence alisema hawezi kumwacha mtu aingie katika ardhi ya ugenini bila karatasi. Mkimbizi asiye na karatasi huteseka hata akiwa hai, sembuse amekufa. Basi akaketi, akaandika maisha ya Jean-Pierre kwa mkono, akayasoma makaburini kabla jeneza halijafungwa, kisha akaikunja ile karatasi akaiweka mkononi mwa marehemu. Ikazikwa naye. Tangu siku hiyo kila aliyefiwa kanisani kwao alikuja kugonga mlango wa Emérence.

Nimemwona akiandika mara nyingi. Kwanza huosha mikono kwa ndimu ili karatasi isinuke samaki. Halafu huketi kwenye kigoda chake, ubao wa mkate juu ya magoti, karatasi juu ya ubao, na kuanza. Kila mara huandika kwa "wewe." Wewe ulizaliwa pale, wewe ulipenda hiki, wewe uliwahi kumficha shemeji yako redio akaitafuta mwaka mzima. Humwandikia mwenyewe aliyekufa, kana kwamba yupo barazani na amechelewa tu kujibu. Na haandiki sifa peke yake. Bahili alimwita bahili. Mwimbaji mbaya wa kwaya aliambiwa waziwazi kwamba Mungu alimvumilia kwa miaka mingi. Makaburini watu walicheka huku machozi yanawatoka, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu baada ya hapo karatasi ilishuka chini na hakuna mtu ambaye angeichukua kesho kumwonyesha jirani.

Mimi nilikuwa na tabia ya kuchungulia. Mtu aliyefanya kazi ya polisi miaka yote hiyo hawezi kukaa karibu na karatasi yenye maandishi akatazama pembeni. Nilikuwa nainamisha shingo kidogo kidogo, na yeye bila kuinua kichwa husema, "Afande, toa macho mu mambo yangu."

"Mimi natazama barabara tu, Mama."

"Barabara iko kule."

Ndivyo tulivyokaa, na tulikaa vizuri.

Kisha ikaja corona, watu wakakatazwa kukusanyika, na mazishi yakawa ya watu wachache waliosimama mbalimbali. Guerschom, katibu wa kanisa lao, kijana mwenye nia njema na chaja mbili mfukoni, akafungua kundi la WhatsApp. Wakaingia Wakongo wa Kawempe, wa kambi ya Nakivale, wa Uvira, wa Australia na kwingineko. Guerschom akaja barazani na kumwambia Emérence kwamba sasa historia za marehemu ziandikwe humo, ili ndugu wa mbali nao wapate kitu. Huwezi kusema jambo hilo ni baya. Emérence mwenyewe alisema si baya.

Historia ya kwanza aliyoiandika kwenye simu ilikuwa ya mzee Valère, fundi seremala. Aliketi vilevile, mikono imeoshwa kwa ndimu, simu juu ya ubao wa mkate. Akaandika neno moja. Papo hapo simu ikalia. Mtu wa kundi amemwandikia, "Tunasubiri, mama." Mwingine akaweka mikono ya maombi. Emérence akashangaa, kwa kuwa hakuwa ametuma kitu. Alipomuuliza Guerschom, kijana akacheka na kumweleza kwamba mtu akianza kuandika kwenye kundi, wenzake wote huona juu ya kioo: Emérence anaandika.

Uso wake siku ile sijausahau. Aliiweka simu chini kama mtu aliyekutwa bafuni.

"Bananiona, Afande," aliniambia. "Sijatuma hata neno, na beko bananiona."

"Si mimi pia nakuonaga?"

"Weye uko mumoja."

Hata hivyo aliandika. Aliandika kwa desturi yake, kwamba Valère alipenda pombe ya ndizi, na kwamba meza alizotengeneza baada ya saa sita mchana zilikuwa na miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi. Makaburini watu wangeanguka kwa kicheko. Kwenye kundi, mpwa wa Valère aliyeko ng'ambo akauliza ni nani aliyempa huyu mama ruhusa ya kutukana ukoo wao. Mwingine akamtetea. Wa tatu akasema mwaka wa kuzaliwa umekosewa. Wakagombana siku nzima, watu wawili wakatoka kundini, na mchungaji akalazimika kuita maombi ya upatanisho. Yale maneno ya mwanzo yalikuwa bado yapo pale juu. Kila aliyetaka kukasirika upya aliyapandia akayasoma.

Baada ya hapo Emérence akaanza kuandika kwa uoga. Aliandika kwanza kwenye karatasi, akakata, akaandika upya, ndipo akahamishia kwenye simu kwa kidole kimoja, akifuta zaidi ya anavyoandika. "Wewe" ikatoweka, ikaja "marehemu." Marehemu alikuwa mcha Mungu. Marehemu alikuwa mpole, mtu wa watu, alipendwa na majirani. Hata baada ya watu kuruhusiwa tena kujaa makaburini, hali ilibaki hivyo, kwa sababu kundi lilibaki. Alisimama kaburini akasoma kutoka kwenye simu yale yale ambayo kila mtu ameshayasoma asubuhi. Karatasi ya kuweka mkononi hakuna. Wafu wa kanisa lile wakawa mtu mmoja anayekufa tena na tena, na mimi nikaacha kuchungulia kwa sababu hapakuwa na cha kuchungulia.

Alichoka. Nimeona askari waliochoka, najua uchovu wa miguu na uchovu wa njaa. Wake haukuwa huo. Alikuwa anaweza kurudi kutoka Ggaba na gunia kichwani akiimba, lakini simu ikilia kuleta habari ya msiba, mabega yanamwanguka.

"Mu karatasi naongea na mufu," aliniambia siku moja. "Mu simu naongea na batu bote, na mufu mwenyewe haiko. Njo inanichokesha."

Sasa nimfikie Julienne, maana yeye ndiye sababu ya kuandika haya.

Julienne alikuja barazani kwetu karibu kila jioni, na ukimsikia unajua amefika kabla hajakata kona. Alikuwa mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, na ulimi wake haukuwa na breki. Mara ya kwanza nilipokutana naye nilikuwa bado na sare, nikamwambia aondoe kapu lake la samaki barabarani kwa mujibu wa sheria. Aliniuliza mbele ya soko zima kama mama yangu alininyonyesha maziwa au sheria. Watu walicheka mpaka nikaondoka mimi, kapu likabaki. Nilimchukia mwaka mmoja, kisha nikashindwa kuendelea.

Alikuwa na mtoto mmoja, Reine, aliyevuka naye mpaka akiwa mgongoni. Reine alikua Kawempe, akaolewa, na mwaka wa elfu mbili na kumi na tano akapelekwa Kanada pamoja na mumewe kwa mpango wa wakimbizi. Tangu hapo mama na binti walionana kwenye kioo cha simu tu. Kila mmoja alikuwa akisema mwaka ujao.

Figo zilipoanza kumsumbua Julienne, miguu ikavimba na sauti ikapungua, ndipo sote tulipoogopa. Jioni moja alikuja akisaidiwa na fimbo, akaketi kwenye kigoda changu bila kuomba, akamwambia Emérence, "Miye usiniandike mu simu. Unasikia? Uniandike na mukono. Utiye mambo yote, hata ile ya pilau."

"Hata ya pilau?"

"Njo ya kwanza. Na karatasi unitiliye mu mukono."

"Nitakutilia."

"Sema mbele ya polisi."

Emérence akasema mbele yangu. Julienne akatikisa kichwa akiridhika, akaniomba nimletee chai, na kigoda changu hakukirudisha mpaka giza.

Alikufa hospitalini wiki chache baadaye, asubuhi, Emérence akiwa amemshika mguu. Aliporudi barazani, kabla hata ya kuosha uso, simu ikaita, naye akaifungua kwa spika. Alikuwa Reine. Hati yake ya kusafiria imeisha muda na mpya bado haijatoka, akitoka hataruhusiwa kurudi kwa mume na watoto, kwa hiyo hatakuja. Alizungumza kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma tangazo. Kisha sauti ikakatika katikati.

"Mama Emérence, nilisoma zote mulituma mu grupu. Batu bote balikuwa bapole. Bote balipenda Mungu. Mama yangu hakukuwa mupole. Sitaona kaburi, sitamugusa. Nitabaki na ile tu utaandika. Tafazali, usinizikie mutu mwingine."

Emérence alikata simu. Nilimwona akipima mizigo miwili. Julienne alitaka maisha yake yaandikwe kwa mkono na yaingie naye ardhini. Binti yake alitaka yamfikie Kanada. Guerschom alikuwa ameshatangaza kwamba mazishi yataonyeshwa kwenye kundi moja kwa moja, na historia itumwe mapema.

"Andika tu," nilimwambia. "Wewe iko najua kuandika."

"Sijue tena, Afande. Balinimaliza."

Alijaribu. Alichukua simu, akaandika kwa kidole, na mimi nikachungulia. Marehemu Julienne alikuwa mwanamke mpole.

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka chenyewe. "Julienne mpole? Banange! Huyu mwanamke naniuliza kama mama yangu nanipa maziwa ama sheria!"

Hakucheka. Aliyafuta yale maneno, akaitazama simu, na machozi yakaanza kumshuka bila sauti. Ndipo akanieleza habari ya pilau, ambayo kwa miaka yote ile ya kukaa baraza moja sikuwahi kuijua, na akanieleza kwa nini hawezi kuiandika kundini. Nusu ya watu wa kundi wangesema amemvua nguo rafiki yake. Na kuhusu mazishi yenyewe, Faridah angekuwepo. Faridah ni mwenye nyumba wetu, Mganda, Mwislamu, mtu wa heshima zake. Ile pilau ilikuwa ya kwao.

Nilimletea ndimu.

Alitazama ile ndimu, akanitazama mimi, akaenda kuosha mikono. Simu akaizima kabisa. Alirudi na ubao wa mkate na karatasi ya mistari, akaandika mchana wote, upande wa mbele na wa nyuma. Guerschom alikuja mara mbili kuuliza historia iko wapi, na mara zote mbili nilimzuia mlangoni nikamwambia kazi bado inaendelea, kwa ile sauti tuliyokuwa tukitumia kufukuza waandishi wa habari.

Kanisa lao lina kipande cha ardhi nje ya mji ambako huzika watu wao. Siku ya kumzika Julienne jua lilikuwa kali na mawingu machache. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, kifuniko cha jeneza kikaegemezwa kwenye lundo la udongo. Faridah alisimama mbele, amejifunga mtandio mweusi. Guerschom alisimama ng'ambo ya kaburi, simu ameinyoosha, na ndani ya ile simu walikuwepo watu wa nchi zote, na Reine mmojawapo.

Emérence alisogea, akakunjua karatasi. Akafungua mdomo. Akaiona simu. Mdomo ukajifunga.

Alijaribu tena, hakuna kilichotoka. Watu wakaanza kunong'ona, wakidhani ni uchungu. Mimi nilijua ni nini. Ilikuwa ile ile, Emérence anaandika, na watu wote wanatazama juu ya kioo.

Kisha akasema, "Guerschom, leta ile simu."

Kijana akampa. Emérence akapiga magoti kando ya jeneza, akailaza simu kwenye mto, sikioni mwa Julienne, kamera ikiangalia juu.

Mchungaji akashtuka. "Mama, hii si heshima."

"Mutoto wake iko mule, Mchungaji. Bote batasikiliza fasi moja."

Mchungaji akarudi nyuma hatua moja. Emérence akabaki amepiga magoti, ametugeuzia mgongo, uso ameuinamisha kwa rafiki yake. Hakuna aliyeuona uso wake. Akaanza kusoma.

"Julienne, wewe hukuwa mpole. Tusianze na uongo, leo ni siku ndefu."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, akajiziba mdomo. Emérence akaendelea. Alimkumbusha viatu vya kiume alivyovaa akidai ni fasheni, kumbe mguu wake haukuingia kwenye vya kike. Alimkumbusha polisi na sheria za kunyonya, na watu wote wakageuka kunitazama. Kisha sauti yake ikashuka.

"Tulipofika Kawempe hatukuwa na kitu. Reine alikuwa mdogo, analia njaa usiku na mchana. Siku moja ulisikia kuna watu wamejaa nyumba fulani, kuna msiba. Ukasema, pale kuna sufuria. Tukaingia. Hatukujua nani amekufa. Tukaketi kati ya wanawake, na wewe ukaanza kulia. Hukujua kwamba kwa Waislamu hawalii kwa sauti. Wote walinyamaza wakatutazama, na wewe ulizidi. Ulilia kama Bukavu nzima imekufa. Nafikiri ndiyo uliyokuwa unaililia. Mama mmoja akakushika mkono, akakupeleka nyuma ya nyumba utulie, na nyuma ndiko walikopika. Ukafunga pilau kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, ukaificha chini ya kitenge. Ilikuwa ya moto, ikakuunguza tumbo, na ulitembea mpaka nyumbani ukiwaamkia watu njiani. Reine akala mpaka akalala na mkono ndani ya chakula. Mimi nikala kidogo. Wewe uliilamba kaveera. Baada ya hapo tulikwenda misiba ya watu wengi tusiowajua, na watu walituona waongo, labda. Lakini mimi nilikaa karibu yako kila mara, nakwambia leo: sikukuona hata siku moja ukilia kwa uongo."

Nilimtazama Faridah, na nadhani nusu ya watu walimtazama, kwa sababu Kawempe ni ndogo na wengi walianza kuhesabu ni msiba wa nani. Emérence hakugeuka. Niliona mgongo wake umekaza, kama mtu anayengoja kupigwa.

Faridah akakohoa. "Ni kwetu," akasema. "Ni msiba ya baba."

Akasogea hatua moja karibu na jeneza.

"Sisi tulijua, nnyabo. Siku ile ile tulijua. Mutu ya kwetu hapana lia vile." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Ni mama ndiye nashika yeye mukono. Mama alisema, huyu hapana msiba, huyu ni njala, na iko na mutoto. Alisema, pelekeni yeye nyuma kwa pilawo, na mutazame pembeni."

Mabega ya Emérence yakalegea. Kipaji chake cha uso kikagusa ukingo wa jeneza. Halafu akaikunja karatasi mara mbili, akainua vidole vya Julienne kimoja kimoja, akaiweka, akavirudisha. Guerschom akachukua simu yake kutoka kwenye mto kwa ncha za vidole, na mafundi wakapiga misumari.

Tulirudi Kawempe alasiri. Emérence aliketi kwenye kigoda na nguo za msiba, akaniomba nimwashie simu kwa sababu hakutaka kuigusa. Ilipowaka ikatetemeka mfululizo mpaka nikadhani imeharibika.

"Soma weye," akasema. "Kama ni matusi, ruka."

Nikasoma. Wengi walilalamika kwamba hawakuona kitu ila mawingu, wakauliza ni nani aliyeangusha simu. Mmoja alisema mwaka wa kuvuka mpaka umekosewa. Mmoja alisema mambo ya njaa si ya kusemwa mbele za watu. Mama mmoja wa Nakivale aliandika kwamba wao, kwa njaa hiyo hiyo, walikwenda harusi wasizoalikwa. Wengine waliomba historia itumwe kwa maandishi, na Guerschom akajibu kwa niaba yetu kwamba imeshazikwa. Mikono ya maombi niliiruka.

"Reine?"

"Reine natuma sauti."

"Fungua."

Nikabonyeza. Mwanzo ilikuwa pumzi tu, na mlio wa gari la huko kwao.

"Mama Emérence," sauti ikasema, "niliona mbingu tu. Na ndege moja, kaloli, ilipita juu, pole pole. Kwanza nilikasirika, nilisema simu imeanguka. Halafu nikakusikia karibu, karibu sana, nikajua niko wapi. Niko nalala kwa kichwa ya mama." Gari jingine likapita huko kwao. "Ile pilau mama aliniambiaga balimupatia ku kazi. Kila mara ku kazi. Sikujua kazi ilikuwa ile."

Alilia. Hakulia kistaarabu kama watu wanavyolia kwenye simu, alilia kwa sauti nzito iliyojaa kifua, ikatoka kwenye kile kisimu ikafika mpaka barabarani, mpita njia akasimama kutazama.

Emérence alikuwa ameinua kichwa. "Musikie," akasema taratibu. "Musikie tu. Ni Julienne mwenyewe."

Tulisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, nikampa simu. Hakwenda kuosha mikono, hakuchukua karatasi ya kuandikia kwanza. Aliliacha kundi pembeni, akafungua jina la Reine peke yake, akaweka kidole juu ya kioo na kuanza kuandika. Aliandika kwa muda mrefu, kidole kimoja, bila kufuta.

Huko Kanada, juu ya kioo cha mtu mmoja tu, lazima yalikuwa yameandikwa yale maneno. Emérence anaandika.

Shingo yangu ilishaanza kuinama kwa mazoea. Nikaikamata. Nikanyanyuka, nikageuza kigoda changu upande wa pili, nikaketi nikitazama barabara.